Kwa Nini Maziwa Mabaya Humwagwa Chini?

Wakulima wenzangu, asubuhi moja nilikuwa nimesimama katika kituo cha kukusanyia maziwa, daftari mkononi, nikiandika hesabu ya ng'ombe waliochanjwa. Pikipiki ikafika na mikebe mitatu ya maziwa, nayo yalikuwa yametoka katika nyumba tisa. Mpimaji alitia laktometa katika mkebe wa kwanza, akaitazama ikizama kupita mahali pake, akatikisa kichwa. Akapima wa pili, akapima wa tatu. Kisha akachovya karatasi ya kupimia dawa, nayo ikageuka rangi. Akaitwa ofisa, ofisa akapima tena kwa mkono wake, akaandika, na mikebe yote mitatu ikamwagwa shimoni mbele ya macho yetu.

Mmoja wa wenye maziwa yale alikuwa mama mmoja mzee, amekuja kuuliza hesabu yake ya mwezi. Hakulia wala hakupiga kelele. Alitazama povu jeupe likizama katika udongo, kisha akanigeukia akasema, "Karani, wewe ulisomea ualimu. Nieleze mambo mawili. La kwanza, mimi nilikama maziwa safi, sikutia hata tone la maji. Kwa nini yangu yamemwagwa pamoja na ya mwizi? La pili, ikiwa hayafai watu, kwa nini sikurudishiwa nikawape nguruwe wangu?"

Siku ile nilimjibu, "Mama, ndiyo sheria." Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini halikumfundisha kitu, na mwalimu asiyefundisha hana kazi. Nimeona ni vema nimjibu sasa katika gazeti hili, yeye na wote wanaouliza kama yeye. Nitaanza mbali kidogo, katika nchi ya Uchina, kwa sababu huko yalitokea mambo ambayo yajibu maswali yote mawili kwa uwazi kuliko maneno yangu.

MAJI KWANZA, UNGA BAADAYE

Katika miaka ya 2000 watu wa Uchina walianza kunywa maziwa mengi sana kuliko zamani. Viwanda viliongezeka upesi, navyo vilitaka maziwa kila siku. Wakulima waliokuwa wakiyatoa wengi walikuwa watu kama sisi: huyu ana ng'ombe watatu, yule ana watano. Hawakupeleka maziwa kiwandani wenyewe. Waliwapeleka ng'ombe wao katika vituo vya kukamulia, na mwenye kituo ndiye aliyeuza kiwandani. Kwa hiyo kati ya mkulima na kiwanda alikuwapo mtu wa katikati, na faida ya mtu huyo ilitegemea wingi wa lita.

Wengine kati ya watu hao walitia maji. Hii ni hila ya zamani, nasi twaijua. Lakini viwanda navyo vilikuwa na kipimo. Vilipima protini, yaani ile sehemu ya maziwa inayojenga mwili. Maziwa yakitiwa maji, protini hupungua katika kila lita, na kiwanda huyakataa.

Tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Chukua lita 100 za maziwa zenye kilo 3 za protini. Tia lita 30 za maji. Sasa una lita 130, lakini protini ni kilo 3 zile zile. Ukigawanya, kila lita 100 ina kilo 2.3 tu. Mpimaji ataona mara moja kwamba kuna kitu kilichopungua.

Hapo ndipo waovu walipotafuta hila ya pili. Kipimo kile cha protini hakikuitazama protini yenyewe. Kilipima naitrojeni, ambayo imo ndani ya protini, kisha protini ikakisiwa kwa hesabu. Katika kila kilo 100 za protini mna naitrojeni kilo 16 hivi. Basi mtu akitia kitu kingine chenye naitrojeni nyingi, kipimo hudanganyika.

Kitu walichokitumia kinaitwa melamini. Ni unga mweupe wa viwandani. Huchanganywa na vitu vingine kufanyiza zile sahani ngumu zisizovunjika upesi, ambazo ziko katika makabati ya nyumba zetu nyingi. Katika kila kilo 100 za melamini mna naitrojeni kilo 66 hivi. Kwa hiyo kilo moja ya unga huo, ikipimwa kwa kipimo kile, huonekana kama zaidi ya kilo 4 za protini. Si chakula hata kidogo, lakini kipimo hakikujua hayo.

Angalieni vizuri mwendo wa jambo hili. Maji yalitangulia, na sumu ikaja baadaye ili kuyaficha. Mwenye kuanza na kikombe cha maji ya mto hajui atamalizia wapi, kwa sababu kosa la kwanza hutaka la pili la kulifunika.

WATOTO WALIOUMIA

Maziwa hayo yaliingia viwandani, yakakaushwa yakawa maziwa ya unga ya watoto wachanga. Kampuni iliyokuwa mbele katika jambo hili iliitwa Sanlu, ya mji wa Shijiazhuang katika jimbo la Hebei. Ilikuwa kampuni kubwa na yenye jina, na bei ya maziwa yake ilikuwa nafuu, kwa hiyo wazazi wasio na fedha nyingi waliyanunua.

Mtu mzima akinywa kikombe kimoja cha maziwa mabaya, bado atakula ugali, mboga na maharagwe, na sumu itakuwa ndogo katika chakula chake chote. Mtoto mchanga anayelishwa kwa chupa hana kingine. Asubuhi ni maziwa, mchana ni maziwa, usiku ni maziwa. Tena figo zake ni changa. Melamini ilipokutana na asidi iliyomo katika mkojo wa watoto hao, ilifanya vijiwe katika figo. Mkojo ukazibwa. Watoto wakalia kwa maumivu, na wazazi hawakujua sababu.

Malalamiko ya wazazi yaliifikia kampuni tangu Desemba 2007. Mwanzoni mwa Agosti 2008 kampuni ilikwisha jua kwa vipimo kwamba melamini imo, nayo ikawaarifu wakubwa wa mji. Lakini mwezi huo Michezo ya Olimpiki ilikuwa ikifanyika Beijing, na wakubwa hao hawakulipeleka neno juu kwa wakati. Kampuni ya Fonterra ya New Zealand, iliyokuwa na hisa 43 katika kila 100 za Sanlu, iliiarifu Serikali ya nchi yake, nayo Serikali hiyo ikaiambia Serikali ya Uchina. Umma ulitangaziwa tarehe 11 Septemba 2008. Kati ya siku ya kujua na siku ya kutangaza kulipita zaidi ya mwezi mmoja, na kila siku ya mwezi huo chupa zilijazwa maziwa yale yale.

Watoto 6 walihesabiwa kuwa wamekufa. Waliougua walikuwa karibu 300,000, na zaidi ya 50,000 kati yao walilazwa hospitalini.

SERIKALI INAKAMATA

Serikali ya Uchina ilivipima viwanda 109 vya maziwa ya watoto. Katika viwanda 22 ilikuta melamini, wala haikuwa Sanlu peke yake. Ndipo ilipotoa amri: maziwa yaondolewe madukani, yaliyo katika maghala yafungiwe, na yaliyokwisha nunuliwa yarudishwe. Kwa kampuni ya Sanlu tu maziwa ya unga yaliyozuiwa na kurudishwa yalipita tani 10,000. Nchi nyingine nazo zilizuia maziwa ya Uchina yasiingie, na katika Afrika ya Mashariki Tanzania na Burundi zilikuwa miongoni mwao.

Sasa mama yule aliyeniuliza swali na asikie habari ya wakulima. Viwanda vilipofungwa, hakuna aliyenunua maziwa. Ng'ombe hangojei maamuzi ya Serikali. Asubuhi kiwele kimejaa na lazima akamuliwe. Wakulima wa Hebei na majimbo mengine walikamua na kumwaga maziwa mashambani mwao siku baada ya siku. Wengine waliuza ng'ombe wao wachinjwe kwa sababu hawakuwa na fedha za kununulia chakula cha mifugo. Wengi wao hawakuwa wametia kitu chochote katika maziwa. Walikuwa wakulima safi, na hasara iliwaangukia pamoja na wezi.

Hukumu nazo zilikuja. Mkubwa wa Sanlu, Tian Wenhua, alihukumiwa kifungo cha maisha mwezi wa Januari 2009. Kampuni ilifilisika, na mali yake ikanunuliwa na kampuni nyingine. Watu wawili walinyongwa kwa sheria ya huko tarehe 24 Novemba 2009: Zhang Yujun, aliyetengeneza unga ule na kuuuza, na Geng Jinping, aliyekuwa na kituo cha maziwa. Polisi walieleza kwamba maziwa ya Geng yalikuwa yamekataliwa kiwandani mara kadhaa, naye akaona hasara, ndipo akatafuta unga. Nayasema haya kwa sababu maziwa kukataliwa ni jambo linaloweza kumpata mtu yeyote kati yetu. Kinachofuata baada ya hapo ndicho kinachomtenga mkulima na mhalifu.

JIBU LA SWALI LA KWANZA

Mama aliuliza kwa nini maziwa yake mazuri yalimwagwa pamoja na mabaya. Jibu ni kwamba maziwa hayana alama. Ndizi iliyooza waweza kuitoa katika kikapu na kuziacha nzuri. Mahindi yenye kuvu waweza kuyachagua, ingawa ni kazi. Lakini maziwa ya nyumba tisa yakikwisha mwagwa katika mkebe mmoja, hakuna mkono wala chombo kiwezacho kuyatenganisha. Maziwa mabaya hayakai upande mmoja; yamekwisha kuwa maziwa yote. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote, na katika maziwa msemo huo ni kweli kuliko katika samaki.

Ofisa akiyaachia mapito, yataingia katika tangi la kituo pamoja na ya nyumba mia mbili. Kutoka hapo yataingia katika tangi la gari, kisha katika mtambo wa kiwanda. Maziwa ya mikebe mitatu yatakuwa yameharibu maelfu ya lita. Ndiyo maana hukatwa mapema, hasara ikiwa bado ndogo. Huko Uchina hayakukatwa mapema, na mwisho wake mmeusikia.

Sisemi kwamba jambo hili halina uchungu. Mama yule alionewa, lakini aliyemwonea si mpimaji. Aliyemwonea ni kijana wa pikipiki aliyesimama mtoni kujaza mikebe, na kwa kuwa alichelewa, akatia dawa ya kuzuia maziwa yasigande njiani. Alificha maji kwa mwendo wa haraka, akaficha uchelewaji kwa dawa.

JIBU LA SWALI LA PILI

Aliuliza tena kwa nini yasirudishwe nyumbani yakanywewe na nguruwe. Swali hili lina akili, na mtu mwenye huruma angejibu, "Haya, chukua." Lakini sikilizeni yaliyotokea Uchina baada ya watu kudhani mambo yamekwisha.

Maziwa mengi yaliyokamatwa mwaka 2008 yaliharibiwa kwa moto mkali au kwa kuzikwa. Lakini si yote. Mengine yalibaki katika maghala. Maziwa ya unga hukaa muda mrefu bila kunuka wala kubadilika rangi. Yanalala pale katika magunia, meupe na makavu, na mwenye ghala kila akipita huziona fedha zake zimelala.

Huko Shanghai kilikuwako kiwanda kiitwacho Panda, mmoja wa viwanda vile 22. Kilirudishiwa bidhaa zake mbaya mwaka 2008. Mwaka 2009 kikazitumia tena kutengenezea bidhaa mpya, na mwisho wa mwaka huo kikafungwa na wakubwa wake wakashitakiwa. Tena mwezi wa Julai 2010, karibu miaka miwili baada ya tangazo la kwanza, maziwa ya unga zaidi ya tani 70 yenye melamini yalikutwa katika kiwanda kimoja katika jimbo la Qinghai, mbali sana upande wa magharibi. Sehemu ya maziwa hayo ilikuwa imetoka Hebei, jimbo lile lile la Sanlu.

Basi mmeona. Maziwa yaliyokamatwa yasipoharibiwa, hurudi. Hayarudi kwa miguu yake. Hurudishwa na mtu ambaye hawezi kuvumilia kuona mali ikipotea. Pengine mtu huyo si mwovu kwa tabia. Anasema nitauza kidogo tu, nitachanganya na mazuri, hakuna atakayejua. Sheria mpya ya usalama wa chakula ya Uchina, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2009, iliagiza kwamba chakula kilichorudishwa kiharibiwe au kifanywe kisiwe na madhara, ili kisiingie tena sokoni. Waliandika hivyo baada ya kuumia.

Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Mkebe uliokataliwa ukitoka kituoni ukiwa umejaa, ni vigumu kusema utafika kwa nguruwe. Njiani kuna hoteli ya chai. Kuna mchuuzi mwenye chupa za plastiki. Kuna jirani ambaye mtoto wake hajanywa kitu tangu asubuhi. Maziwa yanaonekana mazuri kwa macho, na mchukuzi anataka fedha zake. Ndiyo sababu sheria zetu za afya huwapa maofisa uwezo wa kukamata chakula kisichofaa na kukiharibu, wala si kukamata tu. Kukamata bila kuharibu ni kama kumfunga nyoka kwa uzi.

Tena msidhani kwamba kila kitu kibaya kwa mtu ni kizuri kwa nguruwe. Yako mambo yanayopita katika mwili wa mnyama na kutufikia tena mezani. Huko Uchina mwaka huo huo wa 2008 melamini ilikutwa hata katika mayai ya kuku, kwa kuwa ilikuwa katika chakula cha kuku.

MAMBO YANAYOMWAGISHA MAZIWA HAPA KWETU

Wengi wetu tulio katika skimu, wazazi wetu walipata mashamba haya tangu mwaka 1962 na kuendelea, na pamoja na shamba walichukua mkopo wa ng'ombe wa gredi. Maziwa ndiyo yaliyolipa mkopo, yakalipa na karo za shule. Kwa hiyo hasara ya maziwa twaijua sote. Mambo yaliyo hatari zaidi ni haya manne.

La kwanza ni maji. Lita moja ya maziwa safi ina uzito wa gramu 1,028 mpaka 1,032 hivi, na lita ya maji ni gramu 1,000. Laktometa huelea juu katika maziwa mazito na kuzama katika mepesi. Haiwezi kubembelezwa. Tena maji ya mto huleta vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo, kwa hiyo aliyetia maji hakuiba tu; ametia ugonjwa katika kikombe cha mtoto wa mtu.

La pili ni dawa za kuzuia kuganda, zile zinazouzwa kwa siri katika chupa zisizo na karatasi. Maziwa yakamwe katika chombo safi, yatiwe mahali pa baridi, yafike kituoni mapema. Maziwa yanayohitaji dawa ili yafike ni maziwa yaliyokwisha haribika.

La tatu ni dawa ya ng'ombe. Ng'ombe akiugua kiwele na kupigwa sindano ya penisilini au dawa nyingine ya namna hiyo, sehemu ya dawa hutoka katika maziwa. Muulize daktari wa mifugo siku za kungoja, na usome karatasi ya dawa. Mara nyingi ni siku tatu, na dawa nyingine hutaka zaidi. Katika siku hizo maziwa ya ng'ombe huyo yasiuzwe wala yasinywewe nyumbani. Wako watu ambao miili yao haivumilii dawa hizo, na mtu akinywa dawa kidogo kidogo kila siku, vijidudu huizoea, na siku ya kuugua kweli dawa haitamsaidia.

La nne ni kuvu. Mahindi yaliyoota kuvu hatuli, lakini wako wanaosema, "Tumpe ng'ombe." Sumu ya kuvu hupita kwa ng'ombe ikaingia katika maziwa, mara nyingine siku ile ile au ya pili yake. Macho hayaioni, ulimi hauionji. Chakula cha mifugo kihifadhiwe pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta, na kilichoota kuvu kitupwe.

Tena mama wengi huuliza kama kuchemsha kutasaidia. Kuchemsha ni jambo jema sana, kwa maana huua vijidudu vingi, na kila nyumba yapaswa kuchemsha maziwa kabla ya kunywa. Lakini moto wa jikoni hauondoi melamini, hauondoi sumu ya kuvu, wala hauondoi dawa ya sindano kwa kutegemewa. Vitu hivyo si viumbe hai hata vife.

UNAYOWEZA KUDAI

Mkulima ana wajibu, naye ana haki ya kuelezwa. Maziwa yako yakikataliwa, usiondoke kwa hasira wala kwa aibu. Omba uoneshwe kipimo kwa macho yako. Omba kipimwe mara ya pili. Omba karatasi yenye tarehe, idadi ya lita na sababu, iwekwe katika faili ya chama chenu. Ofisa mwema hatakasirika. Kazi iliyofanywa mbele ya watu haina uvumi.

Na ikiwa unajua kuna mtu anayetia kitu katika maziwa, usinyamaze kwa kuwa ni jirani au shemeji. Huko Shijiazhuang walikuwako watu waliojua wakanyamaza zaidi ya mwezi. Baadaye wakubwa wa mji waliondolewa kazini, lakini kuondolewa kwao hakukumrudisha mtoto hata mmoja.

WALIVYOFANYA WALE WA NYUMBA TISA

Nimalizie kwa mama yule. Miezi michache baada ya siku ile nilipita katika kijiji chake kwa kazi ya chanjo. Alinikaribisha chai. Akaniambia kwamba wale wenye nyumba tisa walikutana, wakamkataa yule kijana wa pikipiki, wakachanga fedha wakanunua laktometa yao wenyewe. Binti mmoja aliyemaliza shule ndiye anayepima kila asubuhi njiani, kabla maziwa hayajachanganywa. Huandika katika daftari jina, lita na kipimo. Mkebe ukikwisha jaa hufungwa, na sampuli ya chupa moja ndogo huwekwa ndani ya maji baridi mpaka habari ya kituo irudi.

"Sasa," akasema, "maziwa yakikataliwa tutajua yaliharibikia wapi, kwetu au njiani."

Nilimweleza habari ya Uchina kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza umri wa wale watoto. Nilimwambia kwamba wengi hawakutimiza miaka mitatu. Akanyamaza kitambo, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akinywa kikombe cha maziwa mlangoni, kisha akasema, "Basi wamwage."

Wakulima wenzangu, maziwa yaliyomwagwa ni fedha iliyopotea, na sheria haiwezi kutufanya tuipende hasara. Lakini ng'ombe atakamuliwa tena jioni. Tujilinde kwa kupima mapema, kwa kuandika, na kwa kumjua mtu anayebeba mikebe yetu, ili siku ofisa akija na karatasi yake asikute cha kumwaga.